Jembe Alilonyang'anywa Felisian Kasitu

Mlioketi hapa, ni nani kati yenu, tangu Aprili tarehe tatu, aliyemsalimia marehemu kama mtu aliye hai? Msinijibu, shikamooni wazee, poleni wote, mimi ni mtoto wa kaka yake, nimepewa kusoma eti kwa kuwa nina digrii, na kwa kuwa sina kazi muda ninao, basi nivumilieni.

Marehemu Felisian Kasitu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Mpui, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kasitu, akabatizwa mwezi huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na mpaka juzi alikuwa akisema serikali ndiyo iliyopata hasara.

Mwaka 1989 aliajiriwa kwenye mashine ya kusaga kule Milanzi, akadumu nayo hadi mwaka 2003 mwenye mashine alipoifunga, akarudi shambani, akalima mahindi na ulezi kwa ntumba, yale matuta ya duara ya babu zetu, ambayo unafukia majani chini ya udongo mvua zikielekea kuisha, yaoze, ulezi uje upate nguvu msimu unaofuata.

Tarehe 24 Septemba 1994 alifunga ndoa takatifu na mama mdogo Hellena, Mungu akawajalia watoto watatu, Angela, Amos na Meshack.

Sasa tumefika kwenye ugonjwa, na hapa kamati ya msiba imeniandikia niseme "aliugua kwa muda mfupi, Mungu akampenda zaidi." Sorry, hiyo sisomi, na mama mdogo mwenyewe ndiye aliyeniambia nisiisome.

Tarehe 3 Aprili 2025, katika hospitali ambayo siitaji, alisimama koridoni pamoja na baba yangu, akaambiwa ana saratani ya tezi dume, imewahiwa, atapasuliwa Mbeya mwezi Juni, haya, next. Hakuna aliyemkalisha, hakuna aliyemuuliza moyo wake ukoje, yeye akasikia saratani, sisi ndugu tukasikia kifo, lile neno "imewahiwa" likabaki kulekule koridoni.

Kesho yake nyumba ikajaa, watu na rozari zao, watu na sauti za chini, mwenyewe akawatania, "Mbona mmekuja na sura za Ijumaa Kuu, mimi si ugali bado nautafuna?", na hakuna aliyecheka. Wiki ileile akabeba jembe akatengeneze ntumba, baba yangu Polikarp akamnyang'anya, kwa upendo, baba, najua ilikuwa kwa upendo, akamwambia, "Pumzika, mdogo wangu, ntumba za nini tena?" Jamani! Ntumba ni za mwakani, mtu akikukataza ntumba amekwambia mwakani hupo, naye baba mdogo akauliza, "Kwa hiyo nimeshafutwa?", baba akatazama pembeni.

Toka hapo chakula kikamshinda, usingizi ukamkimbia, akampa Amos baiskeli yake, akamwagiza Angela amtunze mama, kisha ghafla akawa mpole kabisa, nasi tukasifu, eti ametulia, amepokea mapenzi ya Mungu, kumbe mwenzetu alikuwa anaaga. Tarehe 6 Mei 2025 alijitoa uhai, kwa namna gani sitasema, isije ikawa stori ya vijiweni. Si laana, si uchawi, wala si kukosa imani, aliugua mwilini na aliugua moyoni, magonjwa yote mawili yana msaada wake, serious, ila sisi tulihangaika na moja tu.

Nayasema haya yote kwa sababu Masunga yuko hapa, jirani yetu mfugaji, ambaye ameniruhusu nimtaje, naye wiki iliyopita amepokea majibu ya saratani, na asubuhi hii, hapahapa msibani, nimemsikia ndugu yake akimwambia, "Ng'ombe waachie vijana, mzee, wewe tulia tu." Masunga alitazama chini, na hadi sasa ninavyosoma anatazama chini.

Familia inamshukuru paroko aliyekubali misa bila maneno mengi, wauguzi na madaktari waliojitahidi, wanajumuiya, majirani, na wenzake wa enzi za mashine. Baba mdogo, ulichoka na hatukuona, Mungu akupe amani tuliyoshindwa kukupa.

Nanyi mnaotoa majibu hospitalini, maana wengine mpo hapa, mtu asitajiwe saratani akiwa amesimama, please, mkalisheni, muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua, kumuuliza hakumpandikizii wazo, na asitoke bila mtu wa kuzungumza naye. Na nyie ndugu wa Masunga, kaeni naye, msimwache peke yake, kesho mrudisheni hospitali kwa ajili ya moyo wake, lakini leo, kabla jua halijazama, mpeni fimbo yake akachunge ng'ombe wake.