Uji wa Baba Mkwe

Ndani ya Noah ya abiria iendayo Isongole, Alinanuswe alijitanda khanga mpaka puani, akamnong'oneza nesi aliyekaa naye, mnong'ono uliofika siti ya nyuma kabisa.

"Dada, kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Juzi mimi niliingia sebuleni, nikampa uji mkononi, nikamwambia, 'Puliza, baba, usiungue.' Nilidhani ni mwanangu!"

Nesi aliuma mdomo asicheke. "Mara ya mwisho ulilala vizuri lini?"

"Kabla mume hajakwama Zambia na lori. Miezi minane sasa, na mtoto anakohoa usiku kucha."

"Basi ni ubongo umechoka, mama. Mawazo yakikaa sana yanakula kumbukumbu. Ulale, utembee kidogo, na mtu akupokee mtoto."

"Nani? Baba mkwe?"

Abiria wa siti ya nyuma wote wakashikwa na kikohozi.

"Siku ile ile nilikimbilia kwetu kwa aibu, dada, nikamwacha hata mtoto. Leo narudi na uso gani?"

Gari likasimama. Baba mkwe mwenyewe alikuwa pale stendi, kambeba mjukuu mgongoni. Alipoiona ile khanga akageukia ukuta, kama desturi itakavyo, mtoto akabaki anamtazama mama yake.