Gedion Ngari na Kimya cha Baba Yake

Waombolezaji wapendwa, familia ya Mzee Njiru wa Ngari inawashukuru kwa kupanda hadi hapa Kanja na matope haya yote, na imeomba historia hii isomwe pole pole, maana marehemu mwenyewe hakupenda mtu anayemeza maneno.

Marehemu Gedion Ngari Njiru alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967 hapa Kanja, Kaunti ya Embu, akiwa kifungua mimba wa Mzee Njiru na marehemu Mama Veronicah, akapewa jina la babu yake mzaa baba kama desturi yetu inavyotaka, akafuatwa na dada yake Tabby. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1974, kisha sekondari ya bweni Embu mjini kati ya 1981 na 1984, na huko ndiko alikofungua redio ya mwalimu wa zamu ili aone sauti inakaa wapi, akachapwa sawasawa, ingawa redio ilipona. Alihitimu stashahada ya ufundi wa simu mwaka 1990, akaajiriwa mjini Meru mwaka huohuo.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na Peninah wa Kanyakine, Imenti Kusini, na tarehe 6 Mei 1998 wakajaliwa mtoto wa kiume, wiki ileile ambayo baba yake Peninah, Mzee Kathuri, alizikwa. Gedion alimwona mkewe akinyonyesha huku machozi yanamtiririka, akashindwa kuvumilia, akampa mtoto jina la Kathuri, akiamini kwamba babake angeelewa. Mzee Njiru hakuelewa. Kwetu mwana wa kwanza wa kiume ni babu amerudi, na mzee aliona amerukwa kama mtu asiyekuwepo duniani, akakaza roho, akaacha kuzungumza na Gedion, na hata binti alipozaliwa mwaka 2001 akaitwa Veronicah kama inavyopasa, kimya hicho hakikulegea.

Mwaka 2009 marehemu alihamishia kazi yake Nchiru, kwenye kampuni ndogo iliyounganisha zahanati kwa simu za mtandao, na hapo akakutana na kazi aliyoipenda hadi mwisho, yaani kufinya sauti ya simu kwa matabaka ili ipite hata mtandao ukiwa mwembamba. Alikuwa akiwaita wanafunzi wa chuo kutoka hosteli za jirani, anawasikilizisha sentensi moja mara mbili, anawauliza ipi inafanana zaidi na mtu aliye chumbani. Tabby alipomuuliza kazi hiyo ni ya nini, alimwambia afikirie punda aliyepakiwa mahindi chini na sukuma wiki juu, njia ikiwa mbaya sukuma wiki hushushwa, mahindi yakaendelea, na katika simu mahindi ni maneno, sukuma wiki ni pumzi, ni kikohozi, ni yale yote yanayokujulisha kwamba anayezungumza ni mtu wako.

Mwaka 2012 alifunga simu ya namna hiyo nyumbani kwa Tabby hapa Kanja, anakoishi mzee, akawa anapiga kila Jumapili baada ya kanisa. Tabby alimpa mzee simu, mzee akaiweka sikioni, asiseme neno, na upande wa pili Gedion alisikia utupu mtupu, akadhani imeachwa juu ya meza, akasalimia, akakata. Kumbe ni yeye mwenyewe aliyeuagiza mtambo usitume chochote pale ambapo hakuna anayesema, ili kubana matumizi ya mtandao, kama mafundi wote wanavyofanya. Mwaka 2016 Tabby alienda Kanyakine kuwatembelea Gedion na Peninah nyumbani kwao, na katika kupiga soga akataja kwamba Jumapili chakula cha mzee hupoa kwa sababu hataki kuiachilia simu hata baada ya kukatwa. Gedion aliweka sahani chini, akatoka nje, na Peninah anasema alilia.

Jumatatu aliondoa agizo lile, na Jumapili iliyofuata akamsikia babake akipumua. Alisikia bakora ikigusa sementi, akasikia kikohozi kikizuiwa, na kuanzia siku hiyo hakukata simu haraka tena, akawa anasimulia habari za ng'ombe, za mvua, za Kathuri shuleni, naye mzee akisikiliza bila kujibu kitu, kwa miaka mingi, kwa ukaidi ambao nyote mnaujua.

Marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo mwezi Agosti 2023, akatibiwa mjini Meru kwa uangalifu mkubwa. Jumapili ya tarehe 23 Februari 2025 alipiga simu akiwa kitandani, Kathuri akimshikia, lakini mtandao ulikuwa dhaifu, matabaka ya juu yakashushwa, pumzi ikapotea, naye hakuwa na nguvu ya kurekebisha lolote. Akasema, "Baba, leo sikusikii ukipumua." Mzee hakuwa amejua kwamba kimya chake kilikuwa kikisikika miaka yote hiyo, na sasa maneno tu ndiyo yangeweza kupita, basi akayasema, kwa Kiembu, yaani, "Niko hapa, Ngari. Njoo nyumbani, na umlete Kathuri wangu."

Gedion aliaga dunia Ijumaa tarehe 28 Februari 2025, kabla daktari hajamruhusu kusafiri, na jambo hilo linatuuma sana.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kanyakine waliokesha na Peninah, na wenzake wa Nchiru waliotufungia spika hizi. Mzee ndiye aliyechagua mahali pa kaburi, ndani ya boma lake, na ndiye aliyeagiza Kathuri aketi kando yake leo, mbele ya watu wote.

Gedion, baba yako alikuita nyumbani, nawe umefika. Pumzika kwa amani.