Kizibo cha Kijani kwenye Msumari wa Agosti

Bi Bernadeta Ndalahwa ametumikia kiwanda chetu cha barafu hapa Igogo kwa miaka thelathini na moja na miezi minne kamili, tangu tarehe 1 Machi 1994 hadi leo, tarehe 30 Juni 2025, siku anayostaafu. Hesabu hiyo ni yake. Mimi niliandika "zaidi ya miaka thelathini," akaikata kwa kalamu nyekundu.

Anayeandika ni Chenge Mashimba, dereva wa gari la barafu, mtu aliyefika Kampala, Kisumu na Bujumbura na akarudi na stori zote. Shule niliishia darasa la saba, lakini wenye digrii wa humu ndani wakikwama njiani wananipigia simu mimi. Wapo wanaoshangaa kwa nini kazi hii ya kuandika wasifu hakupewa mtu wa ofisini. Aliyenipangia ni Bi Bernadeta mwenyewe. Akanipa na tarehe ya kuikabidhi.

Alipoajiriwa kuwa karani wa usafirishaji, alikuta zamu zinapangwa kwa mdomo. Siku moja watu saba walifika kuendesha mtambo mmoja. Kesho yake hakufika hata mmoja, na barafu ya wavuvi wa visiwani ikageuka maji tunaiangalia. Wiki iliyofuata Bi Bernadeta alikuja na ubao, nyundo, misumari na mfuko wa vizibo vya soda. Juu ya ubao aliweka siku za wiki kwa ajili ya zamu, chini akaweka miezi kumi na miwili kwa ajili ya likizo. Kila mtu akapewa vizibo vyake, vimeandikwa jina kwa rangi ya kucha. Vyangu vyekundu. Vyake vya kijani.

Sheria ya ubao ni moja na haina mjomba: watu wawili wa idara moja hawatundiki kizibo kwenye mwezi mmoja. Idara ya usafirishaji ni yeye na mimi. Kwa hiyo mmoja akiwa likizo, mwingine yupo kazini. Shikeni hapo.

Tulimwita Mama Ratiba, na yeye hakukasirika. Ukimwambia utamletea kitu jioni, anakuuliza, "Ngosha, jioni ni saa ngapi?" Ukisema "nakuja sasa hivi," anaangalia saa na kuandika. Okech wa mitambo alikuwa akichelewa kila siku kwa kutafuta funguo zake nyumba nzima. Mama Ratiba alimpa msumari mmoja, akamwambia akaupigilie nyuma ya mlango. Hajachelewa tangu mwaka 2011. Kwake Nyegezi nguo za Jumatatu zinapigwa pasi Jumamosi, na kila asubuhi anaandika mambo matatu tu ya siku hiyo, lile zito likiwa la kwanza. "Ukianza na jepesi," anasema, "zito litakuvizia jioni umechoka."

Meneja wetu, Bwana Maige, aliwahi kuitisha kikao saa mbili kamili. Saa mbili kamili Mama Ratiba alikuwa peke yake ukumbini. Akafungua kikao, akavisomea viti ajenda, akafunga. Meneja alipoingia saa mbili na nusu alikabidhiwa muhtasari autie saini: "Waliohudhuria, mmoja. Meneja hakuhudhuria, wala hakutoa udhuru." Akatia saini. Tangu siku hiyo vikao vya kiwanda hiki vinaanza kwa saa, siyo kwa kuonana.

Ningependa kuishia hapo tukacheka, tukala pilau. Lakini nilipomuuliza niandike nini kuhusu mwaka jana, alinijibu, "Andika yote, na la Agosti pia. Ila usinililie kwenye karatasi."

Mume wake, Mzee Alexander, fundi seremala, alirudi kwao Nansio, kisiwani, alipozeeka, akawa anatunza michungwa na kumsubiri mkewe. Mama Ratiba alimfuata kwa meli Jumamosi moja moja. Likizo ndefu hakuwa nayo. Kila mwaka alitundika kizibo chake, na kila mwaka akakishusha: huyu kafiwa, yule mkewe kajifungua, na yeye akabaki kuziba pengo. Katika ubao mzima, mtu pekee ambaye siku zake zilihamishika ni aliyeupigilia.

Mwaka jana aliapa. Mzee alikuwa anajenga baraza mbele ya nyumba, la kukaa wawili, na alitaka walimalize pamoja. Januari Mama Ratiba alitundika kizibo cha kijani kwenye msumari wa Agosti. Januari hiyo hiyo alituomba wote tarehe zetu. Mimi nilimwambia nitamletea jioni.

Sikuleta. Nilikumbuka mwishoni mwa Julai, wakati shemeji yangu wa Kisesa ameshachapa kadi za harusi na jina langu limo, mshereheshaji mkuu. Nikaenda kumbembeleza kwa maneno yangu yale, nikamwambia bila mimi ukumbi utalala. Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Kisha akashusha cha kijani, akatundika chekundu. "Nenda, mwanangu. Mzee Alexander hana haraka."

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti mimi nilikuwa Kisesa nimevaa suti nyeupe, kipaza sauti mkononi, watu wanaanguka kwa kicheko. Yeye alikuwa hapa anapakia barafu ya zamu yangu. Mchana huo Mzee alianguka kwenye baraza lake, mbao zikiwa bado zimeegemezwa ukutani. Mama Ratiba alipopata habari, meli ya mwisho ilikuwa imeshaondoka. Jumapili alfajiri, akiwa kwenye foleni bandarini na tiketi mkononi, akapigiwa simu kwamba Mzee amekwisha.

Nilimfuata Nansio na suti ile ile, sina nyingine ya heshima. Nilipiga magoti. Akaniambia, "Inuka, Chenge. Umekula?" Alirudi kazini tarehe aliyosema atarudi, saa moja na nusu asubuhi.

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua, lakini kwa hili nimetafuta utani miezi kumi na sijaupata. Nilichopata ni daftari. Naandika mambo matatu kila asubuhi, zito kwanza. Wasifu huu niliukabidhi siku mbili kabla ya tarehe. Aliupokea, akaangalia kalenda, akaniangalia mimi.

Kwa desturi yetu, anayestaafu hushushiwa vizibo vyake akaondoka navyo. Mama, vyote utapewa leo isipokuwa kimoja. Asubuhi hii nimekitundika kwenye msumari wa Agosti, na kwa sheria yako mwenyewe dereva haendi popote mwezi huo, hata akioa nani. Mbao za baraza bado zipo, na Okech amesema anakuja kukusaidia tarehe 2 ya mwezi huo, saa nne asubuhi. Nimemuuliza mara mbili, saa nne ya wapi.

Asante kwa saa zote ulizotupa, na zile tulizokunyang'anya. Uvuke salama, mama yetu. Siku ni zako sasa, japo zimechelewa kukufikia.