Jumatano za Mwalimu Klementina

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Bariadi mjini, mlioko Lamadi na Nyashimo kando ya barabara kuu, nanyi mliokaa pembeni mwa shamba mkipumzisha mikono baada ya kuchuma pamba, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwalimu. Jina lake ni Klementina Maduhu. Alifundisha miaka ishirini na minne, yote katika shule moja ya msingi ya kijijini, na yote katika madarasa ya chini, la kwanza na la pili. Alifariki mwezi uliopita. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Familia imetuomba tusiitaje shule hiyo. Tumekubali.

Mwalimu Klementina alizaliwa karibu na Dutwa, katika nyumba ya Wakatoliki waliolima pamba na mpunga. Aliolewa na mzee Maige, mfugaji na mkulima, wakajaliwa binti mmoja, Lukresia. Mzee Maige alitupokea uani kwake, akatuwekea viti, akaleta michembe ya viazi vitamu na chai ya rangi. Alipoanza kumzungumzia mkewe hakusema Klementina. Alisema Mwalimu. "Hata nyumbani nilimwita hivyo," alituambia. "Yeye aliniita Baba Lukresia, mimi nilimwita Mwalimu. Tulizoea."

Wasikilizaji wapendwa, tuanzie mwaka 2019. Asubuhi moja darasa la pili lilikuwa linasoma. Watoto walikuwa mia moja arobaini na wawili katika chumba kimoja, wengine kwenye madawati, wengine sakafuni. Mwalimu akamwita binti mmoja, Minza, mwenye miaka minane. Minza alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Darasa likampigia makofi ya kilo. Mwalimu akakichukua kitabu, akakitazama, akamrudishia. Bila kukusudia alimrudishia kikiwa juu chini. Minza akakipokea vilevile kilivyo, akaanza tena kusoma, kwa sauti ileile, bila kukosea hata neno.

Mwalimu akasimama. Akakigeuza kitabu, akaweka kidole kwenye neno "kuku".

"Hili ni neno gani, Minza?"

Mtoto akainamia kitabu. Akatafuta picha. Kwenye ukurasa palikuwa na picha ya ndoo. Akasema kwa sauti ya chini, "Minzi." Ni Kisukuma. Ni maji.

Kwa siku tatu Mwalimu Klementina aliwaita mmoja mmoja mezani kwake. Watoto mia moja arobaini na wawili. Walioweza kusoma kweli walikuwa kumi na tisa. Waliobaki walikuwa wamekariri. Walikuwa wameshika sauti yake, mpaka mahali alipokuwa akivuta pumzi.

"Alirudi akakaa kwenye kigoda pale," mzee Maige alituonyesha. "Hakuvua viatu. Nikamuuliza, kuna msiba shuleni? Akasema, 'Baba Lukresia, miaka kumi na minane. Kumbe nilikuwa nawafundisha kuimba.' Nikamletea maji ya kunawa."

Mtu mwingine angenyamaza. Nani angejua? Matokeo yake hayakuwa mabaya kuliko ya wenzake, na ukaguzi wa mwisho ulikuwa umemsifu kwa darasa lenye nidhamu. Lakini Mwalimu Klementina aliomba nafasi kwenye semina ya walimu wa madarasa ya chini, pale Bariadi. Hakupata. Akaomba tena mwaka uliofuata, akapata. Siku tano. Alikuwa ndiye mkubwa kwa umri kuliko wote chumbani. Alirudi na mambo machache: kuanza na sauti ya herufi kabla ya jina lake, kumruhusu mtoto aseme neno kwa Kisukuma kwanza kisha walipeleke pamoja kwenye Kiswahili, na kukata kadi za silabi kwenye maboksi. Nyumba yake ikajaa maboksi. Mzee Maige anasema hata mfuko wa saruji haukutupwa.

Minza alibaki naye kila siku baada ya vipindi. Baada ya miezi minne Minza alisoma. Alisoma barua ya kanisani, akasoma jina la dawa ya ng'ombe kwenye chupa ya baba yake. Kisha mvua zikakosekana, ile familia ikahama na mifugo kuelekea kusini. Minza akaenda nao. Mwalimu aliulizia mwaka mzima kwa kila aliyetoka huko. Hakupata habari yake.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike kwenye Jumatano.

Shuleni hapo alikuwapo mwalimu wa hisabati, Masunga, mtu wa maneno makavu. Siku moja Mwalimu Klementina alimfuata ofisini.

"Mwalimu Masunga, nina ombi. Njoo ukae nyuma ya darasa langu, uangalie ninapokosea."

Masunga akacheka. "Madamu, mimi nimekuwa mkaguzi?"

"Mkaguzi huangalia maandalio ya somo. Wewe niangalie mimi."

Alikuja. Alikaa nyuma dakika arobaini, magoti yakigusa kidevu kwa ufupi wa benchi. Kipindi kilipoisha alimwambia, na maneno haya Masunga mwenyewe ametusimulia kwa simu: "Madamu, unauliza swali halafu unalijibu mwenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Nimehesabu. Mara kumi na moja. Na mstari wa nyuma hukuugusa kabisa."

Ilimuuma. Masunga anakumbuka kwamba siku ile Mwalimu hakula chakula cha mchana na wenzake. Lakini kesho yake alipouliza swali alisimama kimya, akahesabu moyoni mpaka tano. Darasa zima likashangaa. Wakadhani mwalimu anaumwa. Halafu kutoka kule sakafuni, mstari wa nyuma, mkono ukanyanyuka.

Wiki ile ile akamwendea tena Masunga. "Leo zamu yako. Nakuja kwako."

Hivyo ndivyo Jumatano zilivyoanza. Kila Jumatano, saa tisa alasiri, watoto wakishaondoka, walimu walikaa pamoja. Kwanza wawili, halafu wanne, mpaka wakafika saba. Hapakuwa na posho. Mwalimu Klementina alileta matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye kikapu, mwingine chumvi, wakala huku wakizungumza. Mmoja alieleza somo lililomshinda wiki ile. Aliyekuwa amemtembelea darasani alieleza alichokiona. Sheria ilikuwa moja: unasema ulichokiona, huisemi tabia ya mtu. Wakafundishana kugawanya kundi la watoto mia moja na zaidi. Wakafundishana namna ya kumsahihisha mtoto bila kumfanya aogope. Mwaka 2022 darasa la pili lilikuwa na watoto mia moja thelathini na mmoja. Waliosoma kweli, mmoja mmoja, mezani, walikuwa tisini na sita.

Tunarudia, wasikilizaji. Tisini na sita. Hakuna kombe wala cheti kilichotolewa. Lakini wazazi walijua.

Kisha Jumatano zikaanza kumomonyoka. Masunga alihamia wilaya nyingine kumfuata mkewe. Mmoja akastaafu. Wawili wakapandishwa wakawa walimu wakuu kwingine, na waliokuja badala yao walikuwa na vipindi vingi kuliko saa za siku. Ikaja amri kwamba vikao vya walimu vya kujifunza viwe na kumbukumbu. Fomu, mahudhurio, picha. Ukilisikia ni jambo jema. Lakini Jumatano moja Mwalimu Klementina aliingia ofisini na kikapu chake, akakuta fomu imeshajazwa mada, muda na maazimio.

"Sainini hapa, tupige picha moja, tuendelee na kazi," kiongozi wa shule aliwaambia.

"Lakini hatujakaa," alisema Mwalimu.

"Madamu, tutakaa saa ngapi? Hawa wana madaftari ya kusahihisha mpaka jioni. Wanaotaka taarifa wanataka taarifa. Tuwape."

Alikataa kusaini. Wengine walisaini. Hawakuwa watu wabaya, wasikilizaji. Walikuwa wamechoka, na kila mmoja alikuwa na safari ndefu ya kurudi kwake. Tangu siku hiyo kikapu kilirudi nyumbani kama kilivyokwenda, na kwenye faili la shule Jumatano ziliendelea vizuri kabisa, kila wiki, zikiwa na picha.

Mwaka 2023 akaja Mwalimu Nancy, ajira mpya, miaka ishirini na sita, akapewa darasa la tatu. Wiki yake ya pili alilia chooni. Mwalimu Klementina alimsubiri nje, akampa kitambaa, akamuuliza, "Somo gani?" Nancy akasema, kujumlisha kwa kubeba. "Haya. Jumatano nakuja kukaa nyuma." Wakawa wawili. Walikaa kwenye benchi nje ya darasa, wakatumia mbegu za pamba kujumlishia. "Nilikuwa na mtu mmoja," Nancy alituambia. "Mmoja tu. Lakini nilikuwa naye."

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, Mwalimu Klementina aliona uvimbe kwenye titi. Alimwambia mumewe. Mzee Maige akasema twende hospitali Mwanza kesho. Tunayaleta maneno yake kama alivyoyasema: "Aliniambia, 'Baba Lukresia, darasa la kwanza nina watoto mia moja themanini na saba. Ndiyo kwanza wameshika sauti. Nikiondoka mwezi mmoja hakuna wa kuwashika, wanaanza upya. Tusubiri shule zifungwe.' Nikasubiri. Mimi ndiye niliyesubiri. Ningembeba."

Shule zilipofungwa mwezi wa sita alikuwa kwenye mafunzo ya muhtasari mpya. Shule zikafunguliwa tena, akaenda Mwanza mwezi wa tisa. Daktari alimuuliza kwa nini amechelewa. Alijibu kwamba yeye ni mwalimu. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshasambaa.

Alifariki nyumbani, asubuhi, Lukresia akiwa amemshika mkono. Alizikwa karibu na Dutwa, katika mvua ya mwisho ya masika. Walikuja walimu wachache, maana ilikuwa siku ya kazi. Masunga alikuja kwa pikipiki kutoka mbali, tope mpaka kifuani, akafika kaburi likiwa limeshafukiwa.

Jumatano iliyofuata, saa tisa, Nancy alikaa kwenye benchi. Mwalimu mwenzake akapita, akamuuliza, "Unamsubiri nani?" Nancy alichukua mkoba wake akaondoka. Ameomba uhamisho. Asipoupata, ametuambia, ataacha kazi aende Lamadi kwa dada yake anayeuza dagaa. Tulijaribu kumsihi. Akatujibu, "Nibaki nizungumze na nani?"

Wasikilizaji wapendwa, kipindi hiki huwa tunakifunga kwa kusema kazi ya marehemu inaendelea. Leo tuliuliza kabla ya kusema. Tulipiga simu shuleni asubuhi hii. Darasa la kwanza halina mwalimu. Limeunganishwa na la pili, na mwalimu wa la pili naye yuko likizo ya uzazi. Tukauliza kuhusu Jumatano. Tukaambiwa kikao cha wiki iliyopita kilifanyika, na fomu ipo.

Kwa mzee Maige, kwa Lukresia, kwa ukoo wa Maduhu, tunawapa pole. Poleni sana. Mzee Maige, tunajua unatusikiliza. Wewe hukumwua. Hilo tulitaka ulisikie kutoka kwa mtu mwingine, hata kama leo halitakusaidia.

Na ninyi mnaosikiliza, hatuna ushauri wa kuwapa. Tuna swali tu, la kukaa nalo. Kijijini kwenu yupo mwalimu anayejua kwamba hafundishi vizuri, na anataka kujifunza. Ni nani anayekaa naye?

Mwalimu Klementina Maduhu. Miaka arobaini na tisa. Miaka ishirini na minne darasani. Apumzike.