Bi. Zamda Aliyetufundisha Kusema ya Kibofu

Tarehe 30 Juni 1976, Bi. Zamda Shaban anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya uuguzi na ukunga, mjini Tabora na katika vijiji vyake.

Ni mzaliwa wa Kanyenye, binti wa fundi cherehani, na alianza kazi kwa kufua mashuka ya wodi. Baada ya Uhuru alipelekwa kozi ya ukunga, akarudi na cheti na sauti inayosikika hadi nje ya uzio. Ni mkali kwa vyombo vichafu na mpole kwa wazazi. Chai yake ina sukari kupita kiasi. Tumemsema hadi tumechoka.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa jambo ambalo sisi wengine tuliona aibu kulitaja: kutokwa na mkojo bila kukusudia. Akina mama wengi hupatwa nalo baada ya kuzaa, na wengi hunyamaza nalo.

Mwaka 1974 kliniki yetu ya kutembelea vijiji ilifika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Usinge. Huko alikuwapo Sikuzani, mama wa watoto wanne, aliyesifiwa na kijiji kizima. Mtungi wa maji ulipopita katika shamba la kijiji, yeye hakunywa, siku nenda siku rudi. Wenzake wakasema anafunga sunna, na mumewe, Mussa, akatamba kwamba amepata mke mcha Mungu. Kumbe alikuwa anaogopa kulowa. Sala zenyewe alikuwa ameziacha, akijiona hana tohara ya kuswalia kwa sababu ya mkojo. Tena alikwisha kufunga mzigo wake arudi kwa wazazi wake Urambo kabla aibu haijafika kwa wakwe. Watoto angewaacha.

Siku hiyo Bi. Zamda aliuliza kama yupo mwenye tatizo la mkojo. Wanawake wakainamia watoto wao. Akavua miwani.

"Wanangu, mimi mwenyewe nikipiga chafya, nguo inalowa. Haya, mwenzangu nani?"

Wanawake wakacheka kwa haya, na mwandishi wa maneno haya akatamani ardhi ipasuke. Sikuzani hakucheka. Alisimama.

"Shikamoo, mama. Mimi hata nikiinua jembe."

"Marahaba, mwanangu. Njoo tukae."

Alimpima kwanza, maana kama uzazi umeacha tundu kwenye kibofu, mazoezi hayasaidii. Mwenye tundu hupelekwa kwa daktari wa upasuaji. Sikuzani hakuwa na tundu, misuli tu ilikuwa imelegea. Bi. Zamda akamwambia anywe maji, kwa sababu mkojo mzito hukisumbua kibofu zaidi. Akamfundisha kubana misuli ya chini, kisha kuilegeza, na afanye hivyo kila asikiapo adhana. Aende chooni kwa saa maalumu, halafu arefushe muda kidogo kidogo. Akamshonea vitambaa vya pamba vya kuvaa shambani. Wapo wengine aliowawekea pete ya mpira ya kushikilia kizazi. Kuhusu sala, alimwambia atawadhe kila wakati wa sala unapoingia, aswali, mlango haujafungwa. Kwa ruhusa yake akazungumza na Mussa, na Mussa, Mungu ambariki, akaufungua ule mzigo kwa mikono yake.

Garini Bi. Zamda alituambia kuhusu ile chafya. Hakuwa anatania.

Haikuwa kazi ya wiki moja. Miezi ilipita kabla Sikuzani hajapata nafuu, na kila safari Bi. Zamda aliketi naye huku dereva akitupigia honi. Wapo waliopona kabisa, wapo waliopata nafuu tu, wala hakumdanganya yeyote.

Kwa hayo yote tunakushukuru, mama yetu. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na uzee wenye watu karibu.

Tulimwalika Sikuzani aje kwa treni kwenye sherehe hii. Ametuma salamu kwamba tumsamehe, hawezi: wanawake wa kijiji wamemchagua awaongoze shambani, na mahindi yanangoja kuvunwa. Bi. Zamda alipopewa salamu hizo aliketi kwenye benchi la kliniki, akalia, akasema katika zawadi zote za leo, hakuna inayomfurahisha kama kukosekana kwa Sikuzani.