Historia ya Chester Zawada, Fundi wa Milango

Marehemu aliacha agizo kwa maandishi kwamba siku ya leo asisifiwe, kwa kuwa, kwa maneno yake, kila mtu hugeuka mwema akishalazwa kwenye sanduku, bali isemwe alizaliwa lini, alifanya kazi wapi, alimwoa nani na aliendesha gari gani, na kwamba historia hii isomwe na shemeji yake, Raymond Kulczyk, ili Raymond atamke kwa kinywa chake mwenyewe yale yote ambayo marehemu alipata kuyasema kuhusu gari lake la Kijerumani. Familia imetii, na Raymond ndiye anayesoma.

Chester Zawada alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1941, mjini Hamtramck, Michigan, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Joseph Zawada, aliyekuwa akifanya kazi ya kuyeyusha chuma, na mkewe Stella. Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1947 hadi 1955, kisha akaendelea na sekondari hadi Juni 1959, na cheti chake cha mwisho, ambacho familia inacho, kinaonyesha alama za juu katika ufundi wa chuma na za chini katika adabu, na pembeni mwalimu mmoja ameandika kwamba kijana huyu hudharau mambo asiyoyajua, na anayoyajua pia.

Tarehe 22 Juni 1959 aliajiriwa na kiwanda cha magari cha Talcott, hapa Detroit, akapangiwa kufunga milango, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini, ukiondoa miwili ya jeshi kati ya 1964 na 1966, ambayo aliitumikia akiwa Ujerumani, akarudi na maoni kwamba Wajerumani wanajua kutengeneza bia. Kwa wasiowahi kuingia kiwandani, kufunga mlango maana yake ilikuwa hivi: gari lilifika mbele yake likiwa tupu kama kopo, mlango ukafika kwa mnyororo kutoka juu, na hakuna milango miwili iliyolingana, kwa hiyo marehemu aliutundika kwenye bawaba, akaufunga, akatazama mwanya, na pale ulipokataa, aliweka kipande cha ubao kwenye bawaba na kuupiga kwa nyundo ya mpira, au akaupiga bega, mpaka ukakubali, na gari linalofuata lilikuwa limeshafika. Bega lake la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto, na fundi nguo aliyemshonea suti ya harusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuligundua.

Suti hiyo aliivaa Jumamosi, tarehe 17 Juni 1967, katika kanisa hili, alipofunga ndoa takatifu na Lorraine Kulczyk, dada yake Raymond, na waliondoka hapa mlangoni ndani ya Talcott Regent ya mwaka 1966, nyeusi, ya silinda nane, ambayo marehemu aliihesabu kuwa gari la mwisho zuri kutengenezwa na binadamu. Mwaka 1970, tarehe 2 Oktoba, walijaliwa mtoto wao pekee, Denise, ambaye yuko nasi hapa mstari wa mbele.

Kila Jumamosi asubuhi, kwa zaidi ya miaka thelathini, marehemu alikaa meza ya dirishani katika duka la mikate, akiwa na kahawa na andazi la jamu, akihukumu magari yaliyopita barabarani kwa mambo matatu, yaani nguvu, sura na kudumu. La Kiitaliano alisema ni zuri kama bibi harusi, na kama bibi harusi halitoki nyumbani kwa wakati. La Kifaransa alisema limekanyagwa likiwa bado bichi, na la Kiswidi aliliita kabati lenye magurudumu. La Kijapani hakulipa maneno mengi, aliliita kiatu. Raymond aliponunua gari la Kijerumani mwaka 1979 na kuliegesha mbele ya dirisha lile makusudi, maneno yalikuwa haya, na Raymond anayasoma kama yalivyokuwa.

"Chester, hili linafika maili mia kwa saa kabla hujafunga mkanda."

"Linakimbilia wapi, Ray? Kwa fundi?"

"Una wivu, shemeji."

"Wivu wa nini? Taa moja ikikuungulia unauza figo. Halafu litazame lilivyokunja uso, kama karani wa forodha."

Yalikuwa mazungumzo ya kuchekesha hadi yalipoacha kuchekesha. Kati ya 1980 na 1982 nusu ya wafanyakazi wa Talcott waliachishwa kazi, na katika mtaa wa marehemu, wenye nyumba ishirini na mbili, familia tisa zilihama, mbili kati ya hizo bila kuaga, na katika uwanja wa chama cha wafanyakazi kikawekwa kibao kinachosema gari la kigeni likiegeshwa hapo litavutwa na winchi, na marehemu ndiye aliyechaguliwa kukisimamia kibao hicho. Alikisimamia kwa miaka kumi na minne, kwa raha.

Jumatatu, tarehe 7 Septemba 1981, Siku ya Wafanyakazi, chama kilifanya karamu ya soseji na bia katika bustani ya mjini, na katikati ya nyasi likawekwa gari la Kijapani, Tanegawa ya mwaka 1976, kila mtu apige kwa nyundo kubwa kwa dola moja, fedha ziende kwa waliopoteza kazi. Marehemu alilipia mapigo kumi na moja, yote akayaelekeza kwenye mlango wa dereva, akashangiliwa kuliko mtu mwingine yeyote siku ile. Watu walipokwenda kula, Lorraine, aliyekuwa amerudi kuchukua bakuli lake la kabichi, alimwona mumewe amesimama peke yake mbele ya gari lile, lisilo na kioo wala taa, akaufungua ule mlango uliobonyea, akausukuma kwa kidole kimoja, ukafunga. Akaufungua tena, akausukuma tena, ukafunga. Alifanya hivyo mara nne au tano, kisha akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kupanga foleni ya soseji.

Tangu siku hiyo, kwenye meza ya dirishani, marehemu alihukumu magari kwa mambo mawili tu. Nguvu aliipa Amerika, na hakukosea. Sura aliipa Amerika hadi mwaka 1970, na kwa yaliyofuata alisema kiwanda kiliajiri mchoraji wa majokofu. Kudumu hakukutaja tena, na aliyekutaja alijibiwa kwa habari za mpira wa besiboli. Wanaume wa meza ile hawakugundua. Lorraine aligundua.

Mwezi Mei 1998 Denise, akiwa muuguzi wa zamu, mwenye watoto wawili na gari la Talcott lililokuwa limemwacha njiani mara tatu katika majira ya baridi moja, alinunua Tanegawa ndefu, ya kijivu, ambayo viti vyake vya nyuma hukunjwa, akaja kumwonyesha baba yake. Marehemu alifungua mlango, akainama, akasoma kibati kilichobandikwa kwenye nguzo yake, kinachotaja mahali gari lilipoundwa.

"Ohio," alisema, akilitaja jimbo la jirani.

"Si unaona, Baba? Limeundwa na Wamarekani."

"Ohio, Denise! Bora ingekuwa Tokyo."

Kisha akamwambia kwamba gari hilo halitaingia katika uwanja wa nyumba yake, na halikuingia kwa karibu miaka ishirini na moja. Denise aliliegesha nje ya kanisa hili, akatembea nyumba kumi na nne kufika kwa wazazi wake, Krismasi akiwa na sufuria ya supu ya viazi vyekundu mikononi, Pasaka akiwa na kapu, na wakati wa theluji akiwa amembeba mtoto mmoja na kumshika mwingine. Marehemu alimtazama dirishani akija, na Denise alikuta kahawa yake imeshamiminwa, lakini sheria haikubadilika. Katika miaka hiyohiyo marehemu, aliyestaafu tarehe 30 Juni 1999, alinunua Talcott mpya mara tano, na kila moja aliitetea kwa jirani na kuitukana kwa fundi.

Lorraine alifariki tarehe 8 Novemba 2011. Siku ya mazishi marehemu alisimama kwenye ngazi za kanisa hili akipanga msafara kwa mkono wake mwenyewe, Talcott mbele, Wamarekani wengine wakafuata, Mjerumani wa Raymond nyuma yao, na wa mwisho kabisa, nyuma ya watu waliomjua Lorraine kwa kuuziana mayai, akamweka Denise.

"Baba, huyu ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Gari ndilo silijui."

Denise alikwenda mwisho, akafika makaburini watu wakiwa wamemaliza sala ya kwanza. Wiki mbili kabla ya kufa, Lorraine alikuwa amemsimulia habari za mlango na kidole, na Denise angeweza kuzisema pale kwenye ngazi mbele ya chama kizima, lakini hakuzisema, wala hakuzisema mwaka uliofuata, wala mwingine.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Agosti 2018. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 30 Januari 2019, baridi ikiwa imeshuka hadi shule na ofisi zimefungwa, alizidiwa, pumzi zikawa fupi, na watu wa gari la wagonjwa wakasema litachelewa. Alitoka na koti juu ya nguo za kulalia, akaingia katika Talcott yake ya miaka miwili, akapiga stata mara sita, haikuwaka. Denise, aliyekuwa amepigiwa simu, alifika dakika kumi na mbili baadaye, na kwa mazoea akaegesha kanisani, akaja mbio kwa miguu, akamkuta baba yake amekaa nyuma ya usukani, midomo imebadilika rangi.

"Liko wapi?" marehemu aliuliza.

"Kanisani, Baba. Sasa utatembeaje?"

"Sitembei. Lilete hapa ndani, hicho kiatu chako."

Ndivyo gari la Denise lilivyoingia katika uwanja ule kwa mara ya kwanza, likiwa na maili laki tatu na elfu kumi na mbili, madigadi yameliwa na chumvi ya barabarani, na bado liliwaka kila lilipopigwa stata. Njiani marehemu alisema hita inafanya kazi, na walipokaribia hospitali akasema kiti ni kibaya. Mlangoni mwa hospitali, kiti cha magurudumu kikiwa kinasubiri, alishuka, akageuka, akausukuma mlango kwa kidole kimoja, akasikiliza.

"Themanini na moja," alisema. "Kwenye karamu."

"Mama aliniambia."

"Mama yako alikuwa na mdomo." Akakaa kwenye kiti cha magurudumu. "Nililipiga mara kumi na moja, Denise. Milango yetu sisi nilikuwa naifunga kwa bega. Ningewaambia nini watu? Kwamba wamefukuzwa kazi kwa sababu yangu?"

"Hawakufukuzwa kwa sababu yako, Baba."

"Mtu wa Ohio ni Mmarekani kama mimi, na mlango wake unafunga kwa kidole."

Hayo ndiyo maneno yote aliyowahi kuyasema juu ya jambo hilo, na Denise ameomba yasomwe hapa kwa sababu wengi wenu mlikuwapo kwenye karamu ile, na mlimshangilia.

Marehemu alirudi nyumbani tarehe 11 Februari, na tangu siku hiyo gari la Denise liliegeshwa uwanjani, mbele ya Talcott. Mwishoni mwa mwezi jirani yake, Bwana Earl Hatcher, alimwona amefungua mlango wa nyuma wa Tanegawa, amekunja viti, ameshika futi ya kupimia.

"Unapima nini, Chester? Unanunua kochi?"

"Najipima mimi. Rudi ndani, Earl, utapata mafua."

Hali yake ilibadilika tena tarehe 15 Machi, na Jumanne, tarehe 19 Machi 2019, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane na siku kumi, mauti yalimkuta akiwa kitandani kwake, Denise akiwa amemshika bega la kulia. Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, shemeji mmoja, na Talcott moja ambayo hadi leo asubuhi haijawaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, ambao marehemu aliwaambia kitanda chao kimeungwa ovyo na wakamvumilia, majirani waliosafisha theluji mlangoni kwake bila kuombwa, Bwana Hatcher hasa, wanachama wa tawi la chama waliokuja na bendera, na wafanyakazi wenzake wa mstari wa milango, waliobaki wanne, ambao ndio watakaombeba.

Kabla hatujatoka, Raymond anasoma mistari ya mwisho ya agizo, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya karatasi ya kalenda. "Denise mbele, nyuma tu ya jeneza. Gari lake lioshwe, ingawa halitapendeza. Raymond awe wa mwisho, aone ladha yake. Gari la maiti ni Talcott, nimeuliza. Likigoma, msikae kwenye baridi mkilisukuma, nihamishieni la Denise, nimepima, ninaingia, na milango yake inafunga."

Gari la Denise limeoshwa na liko nje, mbele, na Raymond ameshaegesha mwisho. Chester, pumzika kwa amani.