Kliniki Iliyojificha Chumba cha Macho

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali hii, ndugu madaktari na wauguzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi akina mama mliogombania viti vya chini ya feni: habari za asubuhi.

Mimi ni fundi miwani wa hapo getini. Kwa muda mrefu, kila Alhamisi mchana, niliwaona wanawake wa rika la mke wangu wakiingia chumba cha macho na kutoka, wala hakuna aliyekuja kwangu kujaribu fremu. Biashara ikaniuma. Siku moja akatoka mke wangu mwenyewe.

"Nimetoka kupima macho, baba watoto."

"Wamekuandikia namba ngapi?"

"Namba gani tena? Wee, niache!"

Jamani, uongo wa macho anamletea fundi miwani?

Akacheka, akalia, akanieleza. Kumbe Alhamisi chumba kile huazimwa na daktari wa wanawake waliofikia kukoma hedhi. Mke wangu ni mwalimu wa hesabu. Akiwa mbele ya darasa, joto lilimpanda ghafla mpaka chaki ikalowa mkononi, na hesabu aliyoifundisha miaka yote ikamtoka kichwani. Alishaamua kuacha kazi. Huko alikopita kwanza alipewa dawa za malaria ambayo vipimo havikuionyesha, kisha akaambiwa, "Mama, huo ni umri tu, vumilia." Je, mteja wangu asiyeona vizuri nami nimwambie ni umri tu, avumilie? Nitakula nini?

Daktari wa Alhamisi alimuuliza analalaje, akampima, akamweleza dawa zilizopo, faida na hatari zake, wakachagua pamoja. Leo anafundisha, na hesabu zangu za duka anazikosoa kama zamani.

Mheshimiwa, leo unaifungulia kliniki hiyo chumba chake chenye mlango wake, nasi tunashukuru. Ila nasikia daktari bado ni wa kuazima, na mwisho wa mwezi anarudishwa alikotoka, kwa kuwa ofisini wanasema wagonjwa hawaonekani. Chumba bila daktari si stoo hiyo? Tunaomba abaki, na tunaomba utamke leo. Akina mama mliotibiwa naye, tafadhali simameni.

Usiniangalie mimi, Mheshimiwa, geuka nyuma. Yule aliyetangulia kusimama ni wangu. Hao wengine hata mimi sikujua ni wengi hivi, na huyo mwenye faili mkononi, kama sikosei, ni katibu wako.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mheshimiwa, kipaza sauti hiki hapa. Wao watakaa ukishajibu.